Sufuria moja yatosha kulisha ukoo katika nyumba ya kukodi

MWEZI wa Desemba unapowadia, magari yaliyojaa watu na mizigo huonekana kwa wingi katika barabara kuu ya Thika kuelekea Garissa. Baadhi ya wasafiri hushuka Matuu, wengine Kithyoko, na wengine huendelea hadi Mwingi. Huenda nyumbani kuwaona wazazi, kuhudhuria arusi au kupeleka mahari, na mara nyingi idadi yao huzidi vyumba vilivyomo katika boma la mzee. Hapo ndipo ukoo huamua kuchanga fedha na kukodi nyumba kwa siku mbili au tatu.

Nyumba kama hiyo husemekana kuwa na jiko lenye kila kitu. Ukweli hudhihirika jioni ya kwanza. Meko ya gesi ni mawili, sufuria kubwa kuliko zote haizidi lita tano, kisu ni butu, na hakuna ajuaye ni kiasi gani cha gesi kilichosalia katika mtungi wa kilo 6. Nje ya jikoni wamo watu 12 wanaosubiri kula.

Wengi huanza kwa kujiuliza wapike nini. Swali linalofaa kutangulia ni jinsi chakula chenyewe kinavyopikwa. Chapati ni kitamu, lakini watu 12 wakila mbili mbili, mpishi atazigeuza chapati 24 moja baada ya nyingine juu ya kikaango kimoja. Ndivyo ilivyo pia kwa samaki wa bwawa la Masinga wanaokaangwa mmoja mmoja. Wa kwanza kula huwa ameshashiba na kulala kabla ya wa mwisho kuonja. Chakula chepesi kwa kundi ni kile kinachoiva chote kwa pamoja, katika sufuria moja au mbili, na kinachoweza kumsubiri aliyechelewa bila kuharibika ladha.

Kwa bahati nzuri, eneo la Kithyoko na Masinga kwa jumla limejaliwa vyakula vya aina hiyo. Ni nchi kavu, nayo mazao yake makuu ni yale yanayostahimili ukame: ndengu, mbaazi, kunde, mtama na mahindi. Nafaka na kunde hizo hazihitaji friji, hubebwa kwa urahisi na huuzwa sokoni kwa gorogoro, yaani mkebe unaobeba takriban kilo 2.

Hata hivyo, sufuria moja inayolisha watu 12 ina upande wake wa hatari. Ikiwa na kasoro, kasoro hiyo humfikia kila mmoja, kuanzia bibi kizee hadi mtoto anayeanza kula. Ndiyo maana urahisi wa mapishi haya hutegemea mambo matatu yanayopaswa kukamilishwa kabla ya kiberiti kuwashwa: nafaka safi, maji ya kutosha na moto salama.

Uliza kabla ya kusafiri

Simu moja kwa mwenye nyumba huokoa jioni nzima. Aulizwe ukubwa wa sufuria, idadi ya meko, kiasi cha gesi, na kama maji hutoka mferejini au huletwa kwa mitungi ya lita 20. Katika eneo kame kama hili, maji si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi. Kundi la watu 12 hutumia maji mengi kwa kuosha nafaka, kupika na kusafisha vyombo, mbali na ya kunywa, ambayo ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa ikiwa chanzo chake hakijulikani.

Vyombo vitatu vyafaa kupakiwa garini hata kama mwenye nyumba ameahidi kila kitu: sufuria ya lita 10 au zaidi yenye kifuniko, mwiko mrefu na kisu kikali. Chumvi, mafuta, vitunguu na viungo pia vibebwe, kwani ndivyo vitu vidogo vinavyosahaulika, na maduka yakifungwa huwa vigumu kupatikana.

Jioni ya kwanza: ndengu na wali

Siku ya kuwasili, watu huwa wamechoka na giza limekaribia. Chakula kinachofaa ni ndengu, ambazo watu wa Pwani huziita pojo na Watanzania huziita choroko. Ubora wake ni kwamba, tofauti na maharagwe, hazihitaji kulowekwa. Zikioshwa na kuchaguliwa mawe, huiva kwa muda usiofika saa moja.

Kwa watu 12, kilo 1 ya ndengu na kilo moja na nusu ya mchele hutosha. Ndengu zichemshwe katika meko ya kwanza bila chumvi hadi zianze kupasuka. Wakati huo vitunguu vinne, nyanya sita na karoti chache hukatwa. Mchele huinjikwa katika meko ya pili. Mchele wa pishori kutoka Mwea huhitaji kikombe kimoja na nusu hadi viwili vya maji kwa kila kikombe cha mchele. Ndengu zikiiva huepuliwa, vitunguu na nyanya vikakaangwa, kisha ndengu zikarejeshwa pamoja na chumvi na supu yake. Anayependa ladha ya Pwani aongeze tui la nazi mwishoni. Tangu kuwasha moto hadi kupakua, kazi yote huchukua takriban saa moja na nusu.

Jioni ya pili: mbuzi na sima

Siku ya pili kundi huwa limepumzika na soko limeshajulikana. Huo ndio usiku wa nyama. Kilo 3 za mbuzi zenye mifupa hutosha watu 12 ikiwa nyama hiyo itapikwa kwa mchuzi wenye viazi. Ikiwa ni ya kuchoma, kiasi hicho hakitoshi.

Nyama huchemshwa na chumvi na kitunguu kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu, kutegemea umri wa mbuzi. Viazi kilo 2 na karoti huongezwa nyama inapokaribia kulainika, kisha nyanya, dania na pilipili kwa wanaoipenda. Viazi huufanya mchuzi uwe mzito na hupunguza kiasi cha sima kinachohitajika.

Sima ndiyo huwashinda wengi. Pakiti ya unga ya kilo 2 huhitaji takriban lita 4 za maji, na kuisonga yote kwa mara moja juu ya jiko dogo la gesi ni hatari, kwani sufuria huyumba na maji yachemkayo yaweza kumwagika miguuni. Heri kuisonga kwa awamu mbili, ya kwanza ikafunikwa vizuri ili isipoe.

Nyama yenyewe inunuliwe siku iyo hiyo katika bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Wapo wanaoona ni nafuu kununua mbuzi mzima na kumchinjia uani. Wanapaswa kukumbuka mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa ulioanza Desemba 2006 katika eneo la Garissa, mwisho wa barabara hii hii, na kuendelea hadi mwaka 2007. Zaidi ya watu 150 walifariki humu nchini. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wamegusa damu au nyama ya mifugo iliyougua, au waliumwa na mbu. Mnyama aliyelegea au aliyekufa mwenyewe haliwi kamwe, hata akitolewa bure.

Jioni ya tatu: muthokoi

Chakula ambacho wageni wengi wa Ukambani hukitamani ni muthokoi. Hayo ni mahindi yaliyonyunyiziwa maji kidogo na kutwangwa kinuni hadi maganda yakatoka. Kukobolewa huko ndiko kunakoyatofautisha na mahindi ya githeri, ambayo kwa Kikamba huitwa isyo. Muthokoi huiva mapema zaidi na ni laini tumboni. Huuzwa ukiwa tayari umekobolewa, na huchanganywa na maharagwe, kunde au mbaazi, ambazo wenyeji huziita nzuu.

Watu 12 hutosheka na takriban gorogoro moja kwa jumla: kilo 1 na robo ya muthokoi na robo tatu ya kilo ya mbaazi au maharagwe. Vilowekwe asubuhi, kila kimoja katika chombo chake, na jioni maji hayo yamwagwe. Kisha huchemshwa pamoja katika sufuria kubwa kwa saa moja na nusu hadi saa mbili. Mwishowe hukaangiwa vitunguu na nyanya, na wengine huongeza viazi, sukuma wiki au majani ya maboga.

Maharagwe mekundu yana sharti lake. Yakiwa mabichi huwa na sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula. Sumu hiyo huharibiwa na moto mkali, wala si moto hafifu. Kwa hivyo ni muhimu yatokote kwa nguvu kwa nusu saa ya kwanza kabla ya moto kupunguzwa.

Sumu isiyoondolewa na moto

Iko sumu nyingine ambayo hakuna moto wa jikoni unaoiweza. Hiyo ni aflatoksini, itokanayo na kuvu wanaomea katika mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vyema. Wakazi wa Ukambani wanaijua kwa uchungu. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, watu 20 waliugua na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004, mkurupuko mkubwa zaidi uliikumba Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Watu 317 waliugua, na 125 walipoteza maisha. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe.

Viwango vya Kenya haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini katika kilo moja ya mahindi, nayo nafaka inapaswa kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Mpishi hana chombo cha kupimia hayo, lakini anayo macho na mikono. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kutobolewa na wadudu zitolewe moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza kiasi cha sumu hiyo, ila hakuiondoi yote. Kwa hivyo mahindi yanayonuka uvundo hayawezi kuokolewa kwa kukobolewa, kuoshwa wala kuchemshwa. Mahali pake ni shimoni.

Hapa ndipo heshima hugongana na usalama. Jamaa anaweza kuleta gunia lililokaa stoo tangu mavuno ya mwaka uliopita, na si adabu kumrudishia. Lakini wazee na watoto wanaweza kuketi mchana kuchambua punje hizo huku wakipiga gumzo, na gunia likionekana bovu, kundi hupika ndengu tena.

Moto na viporo

Gesi ikiisha kabla ya muthokoi kuiva, wengi hukimbilia makaa. Jiko la makaa liwekwe nje au mahali penye upepo wa kutosha. Mvua za vuli hunyesha hadi Desemba, na kishawishi cha kuliingiza jiko sebuleni huwa kikubwa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko lisiachwe ndani ya nyumba hata likionekana kama limezimika.

Chakula kilichobaki nacho kina muda wake. Katika joto la Masinga, wali, nyama au muthokoi usiachwe juu ya meza kwa zaidi ya saa mbili. Katika wali, baadhi ya vijidudu hustahimili kuchemshwa na kuacha sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Ikiwa nyumba haina friji, ni bora kupika kiasi kinachomalizika, na anayetaka kuongezwa ashibishwe kwa maembe, ambayo huanza kuiva Ukambani msimu huo.

Nani apike?

Likizo nyingi huwa likizo kwa baadhi ya watu tu. Akina mama na wake wa wana wa boma hujikuta jikoni tangu alasiri hadi usiku, huku wengine wakitazama mpira. Kukodi nyumba pamoja ni fursa ya kurekebisha hilo, kwa kuwa nyumba si ya yeyote na hakuna aliye mwenyeji wala mgeni.

Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila jioni iwe na mpishi mmoja mkuu, mwanamume au mwanamke, mwenye kauli ya mwisho juu ya chumvi na moto. Wawili wamkatie mboga, wawili wateke maji, na wanne waoshe vyombo baada ya kula. Zamu hizo ziandikwe kabla ya safari, na jina la aliyepika jioni ya kwanza lisirudiwe jioni ya tatu.