Leseni Inayolipiwa, Kanuni Isiyopimwa

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la Sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inataka mahali pa kuuzia pombe pawe angalau mita 300 kutoka chekechea, shule ya msingi, ya sekondari au taasisi nyingine yoyote inayofundisha walio chini ya umri wa miaka 18. Ofisini, kanuni hiyo haina kasoro. Ukiipeleka Changamwe, Mombasa, hesabu inagoma.

Duara lenye nusu kipenyo cha mita 300 lina ukubwa wa hekta 28 hivi. Kaunti ndogo ya Changamwe ina kilomita za mraba zipatazo 18, na ndani yake mna uwanja wa ndege wa Moi, gati za Kipevu, matangi ya mafuta na yadi za makontena. Hata bila kuyatoa hayo yote, maduara 64 yanalingana kwa ukubwa na kaunti ndogo nzima. Weka sasa duara moja kwa kila shule ya serikali, kila akademi iliyofunguliwa katika nyumba ya kupanga, kila chekechea ya kanisa na kila madrasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 131,882 hapo, na watoto wao husoma karibu na wanapolala. Mahali ambapo baa ingekaa bila kuvunja sheria ni vipande vichache, na baadhi ya vipande hivyo ni njia za kurukia ndege.

Hali haitofautiani sana Likoni, yenye watu 250,358 kwa sensa hiyo hiyo, wala Kisauni, yenye 291,930. Kisauni ina nafasi kuelekea Mwakirunge, lakini wakazi wamesongamana Mtopanga, Junda na Magogoni. Kwa jumla kaunti ndogo hizi tatu zilizo nje ya kisiwa zina watu 674,170 kati ya 1,208,333 wa Mombasa. Kanuni isiyotekelezeka kwao haitekelezeki kwa zaidi ya nusu ya kaunti.

Kanuni ya namna hiyo haifutwi, wala haitumiki kila siku. Huwekwa akiba. Mwenye baa aliyepewa leseni mita 120 kutoka chekechea ameanza biashara akiwa mkosaji, na aliyempa leseni anajua. Kuanzia hapo, kila ukaguzi unaweza kuishia kwa salamu au kwa kufuli, na sheria inaruhusu yote mawili. Si lazima afisa awe mwovu ili mpango huu uoze. Inatosha kwamba uamuzi wa kufunga au kutofunga uko mikononi mwa aliyesimama mlangoni, na kwamba kosa la kumfungia lipo tayari wakati wowote.

Ardhi inaongeza uzito. Sehemu kubwa ya Likoni na Kisauni imejengwa juu ya ardhi ambayo mwenye nyumba hana hati yake. Shamba la Waitiki, ekari 930 za Likoni, lilikaliwa kwa miaka mingi kabla ya serikali kulinunua na hati kuanza kutolewa Januari 2016. Kwingine mtindo wa zamani wa Mombasa, wa nyumba kuwa ya mmoja na kiwanja kuwa cha mwingine, unaendelea. Nyumba isiyo na hati ni vigumu kuwa na ramani iliyoidhinishwa, na isiyo na ramani haina mpaka rasmi kati ya chumba cha kulala, duka la mbele na banda la nyuma. Afisa wa afya aliyetumwa kukagua choo, mlango wa dharura na uwezo wa jengo kubeba wateja hana karatasi ya kulinganisha na anachokiona. Kinachobaki kinachoweza kuthibitishwa ni risiti ya ada.

Ada yenyewe ina historia fupi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, ikaiweka katika kifungu cha utamaduni na burudani, pamoja na makumbusho, maktaba na michezo. Udhibiti wa dawa za kulevya uliwekwa kifungu kingine kabisa. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ada ya leseni ya pombe imekuwa sehemu ya mapato ya ndani, yenye lengo la kufikiwa kila mwaka wa fedha. Hapo ndipo kusudi la leseni lilipogeuka, tena bila mtu kutangaza. Ripoti ya mapato ina safu ya lengo na safu ya makusanyo. Ombi lililokataliwa kwa sababu jirani mna chekechea halina safu yake. Huonekana tu kama upungufu. Sheria ya 2010 iliwapa wakazi nafasi ya kupinga leseni kabla haijatolewa. Lakini tangazo lililobandikwa ubaoni kwa chifu haliwezi kushindana na lengo la bajeti.

Saa za kuuza nazo zimekaa vivyo hivyo. Kwa sheria ya 2010 baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, na mwisho wa juma hufunguliwa saa nane mchana. Ratiba hiyo inamjua mfanyakazi wa ofisini. Haimjui mpakuzi wa bandarini anayetoka zamu ya usiku alfajiri, wala dereva wa lori anayesubiri zamu yake ya kupakia kandokando ya barabara. Changamwe ina wengi wa aina hiyo, na wanaotaka kunywa asubuhi hunywea nyuma ya mlango uliofungwa.

Mnazi ndio unaoonyesha kasoro hii waziwazi zaidi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata kwa kotama na kuteremsha tembo lililoanza kuchachuka likiwa bado mtini. Kufikia jioni limekuwa kali. Kesho yake linaelekea kuwa siki. Kinywaji hiki hakiwezi kungoja saa kumi na moja, hakiwekwi stempu ya ushuru, hakipimwi na shirika la viwango kwa bechi, na hufika Kisauni kutoka Rabai na Kaloleni kwa jerikeni. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya chupa haina pa kukiweka. Kwa hiyo kinywaji ambacho mnywaji wa Pwani angeweza kukijua kwa harufu na ladha kimesukumwa mangweni, yaani katika vilabu vya mnazi, mahali ambapo kiko bega kwa bega na vinywaji asivyoweza kuvijua hata kidogo.

Hapa biashara mbili zinakutana, yenye leseni na isiyo nayo. Mwenye leseni ana ubao, mkataba wa kupanga na anwani. Ni rahisi kumpata, kwa hiyo ndiye anayekamatwa. Asiye na leseni ana jerikeni na chumba cha wiki hii. Kila msako huongeza gharama ya kuonekana kuliko gharama ya kujificha, na mfanyabiashara anayepiga hesabu zake vizuri hufikia uamuzi wa kutohuisha leseni. Rejista inapungua huku unywaji ukiendelea, na serikali inasoma rejista iliyopungua kama ushahidi kwamba msako umefaulu.

Serikali kuu imejaribu kuingilia, kwa njia inayothibitisha tatizo. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu, na ikabainika kwamba pombe hiyo ilikuwa imekamatwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi cha Kiamaciri kama kielelezo. Mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, alitoa maagizo 25, mojawapo likilenga leseni za baa zilizo katika makazi ya watu na karibu na shule. Agizo hilo lilikuwa ni kukiri kwamba leseni zilizotolewa kinyume cha kanuni ya 2010 zilikuwa nyingi kiasi cha kuhitaji tamko la waziri. Zaidi ya hayo, Likoni na Kisauni zina mitaa michache sana isiyo ya makazi.

Miezi michache baadaye zamu ya kuzuiwa ikawa ya kaunti. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku uingizaji, uuzaji na utumiaji wa muguka, aina ya miraa, Mombasa, akitaja afya ya vijana. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku chache tu baadaye Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa zao hilo linalindwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya kuisimamisha. Mtu anaweza kuiunga mkono marufuku au kuipinga. Lililo muhimu hapa ni jinsi mamlaka yalivyogawanyika. Ngazi moja inatoa leseni na ngazi nyingine inaagiza zifutwe. Moja inapiga marufuku na nyingine inaitengua. Katika mvutano huo, hakuna kati ya hizo mbili inayopima kilichomo ndani ya glasi.

Na kupima ndiko kunakookoa. Sumu ya methanoli haina ladha inayoitenga na pombe ya kawaida. Mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho. Dalili nzito mara nyingi huchelewa kwa saa 12 hadi 24, muda unaotosha jerikeni moja kunywewa na watu wengi kabla wa kwanza hajalalamika kwamba haoni vizuri. Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa kwa pombe ya aina hiyo katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kitui, ndani ya siku chache. Tiba ipo ikiwahi: dawa ya kuzuia mgeuko huo, au kusafisha damu kwa mashine. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, na njia fupi ya kuifikia kutoka Likoni ni feri.

Chupa halali ina stempu inayoweza kufuatwa hadi kiwandani. Jerikeni la Chaani, Changamwe, au la Mtongwe, Likoni, halina kitu. Yakitokea maafa, mpelelezi ataanza na kumbukumbu ya serikali iliyo karibu zaidi, yaani rejista ya leseni. Atakuta humo majina ya waliolipa, kiasi walicholipa na tarehe ya kwisha, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewauzia wagonjwa.