Kikaragosi cha Vipande: Kutoka Karatasi hadi Kompyuta

Kuhuisha kikaragosi cha vipande ni kukifanya kionekane kinatembea na kunena, ilhali hakichorwi upya kwa kila picha. Sanaa hii ni kongwe kuliko kompyuta. Mjerumani Lotte Reiniger, ambaye filamu yake ya 1926 juu ya mwana wa mfalme Achmed ilitokana na Alfu Lela Ulela, alikata wahusika wake katika karatasi ngumu nyeusi, akaunga viungo vyao kwa waya, kisha akavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera. Katika Zaire ya wakati huo, Jean-Michel Kibushi alitumia vipande vya karatasi katika filamu fupi ya 1991, Le Crapaud chez ses beaux-parents, iliyotokana na ngano ya Watetela.

Kompyuta imeondoa waya, si fikra yake. Mwanafunzi humtenga mhusika vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha, kiganja, paja, muundi, wayo. Kila kipande huwekwa katika tabaka lake na kupewa egemeo, yaani nukta ambayo kipande huizunguka. Hapa ndipo wengi hukwama. Egemeo la kigasha likiwekwa katikati ya kigasha badala ya kiwikoni, mkono huchomoka mara unapokunjwa. Hata likiwa mahali pake, ncha zilizokatwa mraba huacha pengo. Kwa hiyo ncha za vipande viwili hukatwa kwa duara la ukubwa mmoja, zikalaliana, na kitovu cha duara hilo kikawa ndicho egemeo.

Inafuata nasaba. Kigasha ni mtoto wa mkono wa juu, na kiganja ni mjukuu wake: mzazi akigeuka, wote hugeuka naye, lakini mtoto aweza kugeuka peke yake. Mpango huu wafaa kwa mkono unaopunga. Ama kwa mguu unaokanyaga, haufai, kwani kiwiliwili kikishuka, wayo nao huzama ardhini. Ndiyo maana programu nyingi zina njia ya kinyume: mhuishaji huukaza wayo mahali pake, nayo kompyuta hukokotoa pembe za goti na nyonga.

Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Mhuishaji huweka mikao mikuu tu, na kompyuta hujaza iliyo kati. Bahati mbaya, hujaza kwa ulaini unaomfanya mhusika aelee kama aliye majini, hadi nyakati zirekebishwe kwa mkono.

Kwa wanaosoma Kiswahili, sehemu yenye mvuto zaidi ni mdomo. Maumbo ya midomo huchorwa kando na kubadilishwa kwa kufuata sauti. Jedwali mashuhuri la Mmarekani Preston Blair lilifuata matamshi ya Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo maumbo machache hutosha: matano ya irabu, midomo iliyofungwa kwa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Aghalabu mhuishaji huruka konsonanti za haraka. Lakini katika neno mtu, m ni silabi kamili, tena ndiyo yenye mkazo. Akiiruka, mtazamaji husikia mtu huku akiona tu.