Klarineti si Filimbi

Wengi wanaoianza klarineti hudhani wamepewa filimbi iliyozidishiwa vyuma, na kwa dhana hiyo huingia masomoni kwa pumzi nyingi na hadhari haba. Kisha ala inapowatolea ukelele kama kuku aliyekanyagwa, huilaumu bahati yao au kipawa chao, ilhali aghalabu kosa ni la kidole kimoja tu kilichoacha upenyo mwembamba ukingoni mwa tundu.

Ajabu ya ala hii imo katika umbo la bomba lake. Zumari la pwani yetu hupanuka kuelekea chini, na mpigaji akiikaza pumzi, sauti huruka hatua 8. Bali bomba la klarineti lina upana uliokaribiana tangu juu hata karibu na mwisho, na huko juu huzibwa na ulimi mmoja wa tete, na bomba la namna hiyo huitikia mitetemo ya witiri, ya kwanza, ya tatu na ya tano, na kuidhoofisha mno ile ya shufwa. Kwa hiyo gumba la kushoto likifungua ufunguo wa nyuma, sauti huruka hatua 12, na vidole vilevile vilivyotoa do vikatoa sol. Hapo ndipo mwanafunzi aliyetoka kwenye filimbi hupotea njia. Johann Christoph Denner wa Nürnberg, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeiunda klarineti mnamo mwaka 1700, alituachia kivuko kigumu baina ya tabaka mbili za sauti, ya chini na ya juu: noti moja hupigwa vidole vikiwa karibu vyote hewani, na inayofuata huvitaka vyote vishuke pamoja. Dawa yake ni kuuacha mkono wa kulia umefunika matundu yake mapema, kabla ya kuvuka, kwani noti za kooni, zile zipigwazo vidole vikiwa karibu vyote hewani, haziharibiki kwa hilo; na kabla ya kuvuka, mwanafunzi akae sana katika tabaka ya chini, akivuta noti ndefu bila ya haraka.

Ama katika kupuliza, mdomo wa chini na ukunjwe juu ya meno, mashavu yasivimbe, na ulimi wa tete uwe laini, namba 2 au 2 na nusu.

Matumizi ya klarineti ni mashuhuri: okestra, ambamo Mozart aliitungia konserto mwaka 1791, jazi ya New Orleans, ngoma za arusi za Waturuki, gwaride za polisi.

Klarineti bora huchongwa kwa mpingo, nao hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Inasikitisha kwamba magogo yetu husafirishwa yakiwa vipande, na sehemu kubwa ya kila gogo hutupwa kwa nyufa na mafundo, ilhali mioto ya kila kiangazi huviunguza vichipukizi na wachache wetu hujishughulisha. Fauka ya hayo, mpingo mpya hupasuka kwa unyevu wa pumzi usipozoeshwa taratibu na kufutwa kila baada ya kupigwa, uangalifu ambao mwanagenzi hana. Anayeanza, basi, na anunue ya plastiki, maana mpingo mmoja huhitaji miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kukatwa.