Nakshi Zifutwazo kwa Miguu

Wengi waitazamapo picha ya uganga wa Haiti hudhani kwamba mchoraji alikaa kando akiwaangalia waganga kazini, ilhali mara nyingine mchoraji ndiye mganga mwenyewe, na kuchora ni sehemu ya tiba.

Oungan, ndivyo mganga aitwavyo kwa Kikrioli cha huko, huchota unga wa mahindi kwa vidole, akauachia udondoke mstari kwa mstari penye nguzo ya kati ya hekalu, hata idhihirike nakshi iitwayo vèvè, ambayo ni wito wa pepo: nyoka wawili kwa Danbala na mkewe, moyo kwa Èzili. Kisha manyanga yakalia, ngoma zikapamba moto, pepo akampanda mtu ambaye Wahaiti humwita farasi wake, kama waganga wa pwani yetu wamwitavyo kiti. Na miguu ya wachezaji ikaifuta nakshi yote.

Lakini kilichonishika mimi zaidi ni pakèt kongo. Ni furushi la kitambaa, tumbo lake limejaa majani yaliyotwangwa, shingo limezungushiwa utepe na kubanwa kwa pini, kileleni manyoya, na nje lang'aa puleki. Mganga hulipitisha mwilini mwa mgonjwa ili kuyaondoa maradhi. Jina lake latoboa nasaba yake, kwa kuwa ni jamaa ya nkisi, kifaa cha uganga cha Wakongo waliovushwa Atlantiki utumwani, na mtengenezaji wa nkisi huitwa nganga, neno lisilohitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili.

Mwaka 1941 na 1942 Kanisa Katoliki, kwa msaada wa serikali, liliteketeza ngoma na vyombo vya ibada vya waganga hao wa Haiti, hasara ambayo hadi leo yatia uchungu. Mwaka 1944 kituo cha sanaa kiitwacho Centre d'Art kikafunguliwa Port-au-Prince, na muda si mrefu akapokewa humo Hector Hyppolite wa Saint-Marc, mganga aliyechora kwa manyoya ya kuku na kwa vidole, vidole vilevile vilivyozoea unga. Akafariki mwaka 1948, sifa zake zikiwa zimefika Ufaransa.

Baada yake alisimama André Pierre, naye oungan, aliyeanza kwa kupamba vibuyu vya ibada kabla ya kushika turubai. Katika baadhi ya picha zake pepo wamesimama na mavazi yao ya fahari, na chini yao vèvè imetandazwa ardhini, nyeupe, haijakanyagwa.