Mwindo wa Walikale: sifa zinavyomgeukia shujaa

Katika utendi wa Mwindo, simulizi kuu la Banyanga wa Walikale, magharibi ya Masisi, funzo halitangulii kisa. Msikilizaji huachwa kwanza ampende shujaa pamoja na majivuno yake.

Nakala inayojulikana zaidi ilisimuliwa kwa siku 12 mwaka 1956 na Candi Rureke. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969. Rureke aliimba, akacheza na kuigiza, huku wasaidizi wake wakigonga vijiti na kuitikia.

Shemwindo, mwami, yaani mtawala, wa Tubondo, amepiga marufuku watoto wa kiume. Hata hivyo mwanawe Mwindo anazaliwa, tena akitembea na kunena. Mikuki ya baba haimpati, kaburi halimzuii, ngoma aliyofungiwa na kutupwa mtoni inaelea. Kila anapookoka huimba akijitaja kwa jina la sifa, Kabutwa-kenda, aliyezaliwa akitembea. Hapo ndipo ufundi ulipo: wanaoitikia wimbo wanashiriki majigambo yake, na ushindi wake unakuwa wao.

Kwa ombi lake, Nkuba, yaani Radi, anaiteketeza Tubondo. Mwindo anamfuata baba yake hadi kuzimu, anamrudisha, na Shemwindo anakiri kosa mbele ya watu. Msimulizi dhaifu angeishia hapo. Rureke anaendelea: Mwindo, sasa mwami, anatamani nyama ya nguruwe. Wawindaji wake Wambuti wanakwenda msituni, na watatu kati yao wanamezwa na zimwi Kirimu. Mwindo anamuua, kumbe Kirimu ni rafiki wa Nkuba. Nguvu ile ile iliyompigania sasa inampandisha mbinguni, ambako kwa mwaka mzima anateswa na mvua, mvua ya mawe, mwezi na jua. Anaambiwa kwamba huko majivuno hayana nafasi, na kwamba asiue tena mnyama. Aliyeitikia sifa zile kwa furaha hana budi kuzipima upya.

Uingereza, enzi za Malkia Victoria, waandishi wa riwaya waliikabidhi kazi hiyo ya kumpima shujaa sauti ya msimulizi. Katika Great Expectations (1861), Charles Dickens anamwachia Pip, akiwa mtu mzima, azihukumu aibu za ujana wake. Katika Middlemarch, George Eliot hukatiza kisa na kuzungumza na msomaji. Rureke naye hujitaja na kutia methali ndani ya nyimbo, lakini hukumu nzito juu ya Mwindo ameiacha kwa mpangilio wa matukio, na uamuzi huo ni wa fundi mkubwa.

Anaporudi duniani, Mwindo anawaagiza watu walime mazao mengi, wasigombane, wasitamani wake wa wenzao, wasimcheke mgonjwa, wamche mwami, naye mwami awache. Mzee yeyote angeweza kuyasema hayo. Hapa yana uzito kwa sababu anayeyatamka ni yule yule aliyejisifu tangu siku ya kuzaliwa, na wasikilizaji wameona kilichomnyamazisha.