Mtoto Amekwama kwa Barafu: Je, Maziko Yasubiri?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Familia moja ya Kiunguja iliyohamia Nzega, mkoani Tabora, ilitupigia simu: mzee wao amefariki, mwanawe yuko Canada, na ndege yake haijaruka kwa sababu "inaoshwa barafu". Wengine nyumbani walidhani ni kisingizio. Je, wamsubiri? Tuliwajibu siku ile ile, na tunaandika hapa ili wengine wanufaike.

Kwanza, si kisingizio. Bawa la ndege limechongwa ili upepo upite juu yake vizuri na kuiinua. Barafu nyembamba tu, yenye mkwaruzo kama msasa, huuvuruga upepo huo, na ndege ikashindwa kupaa. Kwa hiyo hurushiwa maji ya moto yaliyochanganywa na glaikoli ili barafu iyeyuke, kisha hupakwa dawa nzito zaidi ili theluji isigande tena. Dawa hiyo ina muda wake. Ukipita ndege ikiwa bado foleni na theluji inaanguka, huenda ikalazimika kurudi kuoshwa upya. Hapo ndipo saa zinapokwenda.

Waliopuuza yaliwafika. Tarehe 13 Januari 1982 mjini Washington, ndege ya Air Florida iliruka ikiwa na theluji mabawani, ikaangukia mto Potomac, na watu 78 wakafa. Tarehe 10 Machi 1989 huko Dryden, Canada, wakafa 24 katika ndege iliyoruka bila kuoshwa. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, basi rubani anayechelewa kwa ajili hiyo asilaumiwe.

Ama maziko, Mtume (S.A.W.) ametuagiza tuharakishe jeneza. Wanazuoni wa Kishafi wameruhusu kumsubiri kidogo walii aliye karibu, maadamu haihofiwi maiti kuharibika. Huyu bado yuko Canada, na akishuka Dar es Salaam ana safari ndefu ya barabara hadi Nzega. Basi mzikeni mzee wenu.

Mwana hakukosa fungu lake. Akipata habari kuwa baba ameshaoshwa, amsalie swala ya ghaibu huko huko aliko. Akifika, amsalie kaburini, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia mwanamke aliyekuwa akisafisha msikiti. Kisha kuna dua, sadaka na kulipa madeni ya baba. Mpokeeni kwa upole, wala asisikie kwenu neno "umechelewa".

Wallahu a'lam.