Maji yalifika wapi? Jinsi wakazi wa Dar walivyosaidia kuchora ramani ya mafuriko

Mvua ikinyesha usiku kucha Dar es Salaam, asubuhi swali ni moja tu: Jangwani kunapitika? Barabara ya Morogoro ikifungwa pale, mwendokasi unasimama. Kama unakaa Kimara na kazi yako iko Posta, siku imeshaharibika.

Kwa anayeishi bondeni kwenyewe, kuchelewa kazini ndiyo shida ndogo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya familia zilizokosa makazi zikapelekwa Mabwepande.

Tatizo lingine halikuonekana kwa macho. Inakadiriwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, na sehemu kubwa ya makazi hayo haikuwa kwenye ramani yoyote ya maana. Nyumba zinaota, vichochoro vinazibwa, mitaro inahama. Mhandisi aliyekaa ofisini angejuaje maji yanapita wapi?

Ramani Huria ni nini?

Ni mradi ulioanza 2015 kujaza pengo hilo. Walioshirikiana ni wengi: Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wataalamu wa OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia bure.

Waliofanya kazi ya kutembea lakini ni wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa kata kama Tandale, Kigogo na Buguruni. Droni zilipiga picha kutoka juu, halafu watu wakaingia mtaani na simu janja na futi kamba. Mtaro una upana gani? Una kina gani? Umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu? Umeziba taka?

Kisha likaja swali ambalo droni haliwezi kulijibu: mara ya mwisho maji yalifika wapi?

Hapa ndipo mwenyeji anamshinda mtaalamu. Hakuna anayekumbuka mafuriko kwa sentimita. Mama anakumbuka maji yalimfika magotini akiwa jikoni, au kiunoni akiwa mlangoni. Majibu ya namna hiyo yakikusanywa nyumba kwa nyumba, unapata picha ya kina cha maji ambayo huwezi kuipata kwenye kituo cha kupima mvua.

Taarifa hizo zikaingizwa kwenye programu ya InaSAFE, iliyoanzia Indonesia. Kazi yake ni rahisi kuieleza: inachukua eneo la mafuriko, inaliweka juu ya ramani ya majengo na barabara, inakwambia ni nyumba ngapi zitaingiwa na maji.

Baadaye mradi ulishuka hadi kwenye mashina. Ukiwa na mipaka ya shina unajua mjumbe wa kumpigia simu maji yakipanda. Ni jambo dogo kwenye karatasi, lakini usiku wa mafuriko ndilo lenye kazi.

“Mnapima ili mje kubomoa?”

Tukubaliane, hofu hii ina msingi. Desemba 2015, mwaka uleule Ramani Huria ilipoanza, nyumba za bonde la Mkwajuni, Kinondoni, zilivunjwa, na nyingine nyingi bondeni zikapigwa alama ya X nyekundu. Ukishaona hivyo, kijana mwenye futi kamba akibisha hodi humkaribishi na chai. Data inayoonyesha nani aokolewe kwanza ndiyo hiyohiyo inayoweza kuonyesha nani aondolewe kwanza.

Kwa maoni yangu, ndiyo maana kilichofanyika 2018 kilikuwa na uzito kuliko droni zote. Wakazi wa bonde la Msimbazi walikaa meza moja na wahandisi, watafiti na maofisa wa serikali katika mfululizo wa vikao vya kupanga bonde litakuwaje. Ukatoka mpango wa kuchimba mto upitishe maji mengi zaidi, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha watu walio kwenye hatari kubwa na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji, ambayo hata ikifurika haiui mtu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaosimamiwa na TAMISEMI kupitia TARURA.

Ramani haionyeshi kila kitu

Picha ya droni inaonyesha paa. Haionyeshi kwamba chini yake kuna mwenye nyumba na wapangaji wanne wenye mkataba wa mdomo, ambao hasara yao kwenye kuhama haifanani na yake. Hilo linahitaji mtu wa kuuliza, tena zaidi ya mara moja.

Na ramani inazeeka. Mtaro uliopimwa Januari ukiwa safi unaweza kujaa mchanga na chupa za plastiki kabla masika hayajakolea Aprili. Vilevile, kila kiwanja kinachosakafiwa kule juu, upande wa Pugu na Kisarawe unakoanzia Msimbazi, kinaongeza maji yanayoteremka Jangwani.

Ramani yenyewe iko wazi kwenye OpenStreetMap. Ukitafuta mtaa wenu ukakuta mtaro haupo, unafungua akaunti bure na kuuchora.